Malalamiko: ofisa wenu kumrubuni winga wetu mwenye mkataba

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni mmiliki wa klabu

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yenu ya kuomba radhi tumeipata, pamoja na seti mbili za jezi na mipira kumi. Jezi ni nzuri. Zipo stoo, hazijafunguliwa.

Mnaandika kwamba ofisa wenu wa usajili "alipitiwa". Mtu hupitiwa akasahau funguo mezani. Huyu alikuja kambini kwetu mara tatu, mara ya mwisho saa nne usiku, akamchukua kijana kwa gari hadi hotelini, na kijana akarudi na simu mpya. Tangu siku ile anasema nyonga inamuuma. Daktari wa timu haoni kitu. Mkataba wake una miezi 17 mbele.

Kifungu cha 18 cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji hakihitaji wakili kukielewa: ukimtaka mchezaji mwenye mkataba, iandikie kwanza klabu yake kabla ya kuzungumza naye, na mchezaji mwenyewe yuko huru kusaini kwingine pale tu mkataba unapobakiza miezi sita au umekwisha. Hatujaona hata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwenu.

Mnasema mmempiga ofisa faini ya ndani, yaishe. Kiasi gani, hamkutaja. Mnamkumbuka beki Ashley Cole? Januari 2005, akiwa Arsenal, alikutana na watu wa Chelsea katika hoteli ya London. Chelsea ikatozwa pauni 300,000 na kuonywa kwamba ikirudia itakatwa pointi tatu. Kocha wa Chelsea, José Mourinho, alitozwa 200,000, rufaa ikazishusha hadi 75,000. Agosti 2006 Cole akahamia Chelsea. Kwa tajiri, faini ile ilikuwa nauli tu.

Liverpool ilibanwa vizuri zaidi mwaka 2017, kwa sababu ya mtoto wa shule aliyekuwa akademi ya Stoke: faini ya pauni 100,000, na juu yake zuio la kusajili vijana kutoka akademi za klabu nyingine za Uingereza kwa miaka miwili, mwaka wa pili ukisimamishwa kwa masharti ya kutorudia. Hapo adhabu iligusa kile kile kilichotamaniwa.

Nasi tunataka ya namna hiyo. Mtuandikie kwamba hamtamsajili winga huyu, wala kupitia klabu rafiki, kwa madirisha mawili ya usajili. Ofisa alipe kwa mfuko wake, si wa kampuni, na akae nje ya shughuli za usajili muda huo huo. Pointi zenu hatuzitaki. Wachezaji wenu walizitolea jasho na hawakupanda gari lile usiku.

Kijana msimbebeshe mzigo. Ana miaka 20, na ukweli usemwe, alikuwa anatudai mshahara wa miezi miwili. Umeshalipwa wiki hii. Simu atairudisha mwenyewe.

Tunasubiri majibu kwa siku 14, kisha jalada linakwenda Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji.

Gari la kuchukua jezi lije siku ya kazi kabla ya saa tisa. Ufunguo wa stoo anao mlinzi.

Katibu wa klabu