Risala ya Wanachama wa Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Sheha wetu, walimu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, assalaam alaykum.

Tunakushukuru kwa kuja. Upepo wa juzi haukuwa wa kuvukia bahari.

Mheshimiwa, jamvi uliloliona pale mlangoni halikuanikwa, ingawa karafuu zake ni za kweli. Tumelichora vyumba 1,679, safu 73 za vyumba 23. Penye karafuu ni moja, patupu ni sifuri. Ndio ujumbe uliorushwa kwa redio kutoka Arecibo, Puerto Rico, tarehe 16 Novemba 1974, kuelekea kundi la nyota liitwalo M13, kwa yeyote aliyeko huko. Hesabu hiyo haikuokotwa njiani. 23 na 73 ni namba tasa, hivyo atakayeupokea akitaka kuupanga mstatili hana vipimo vingine ila hivyo, na akipatia ataona umbo la mtu. Sisi tulimwona jana alasiri, kabla kuku hawajampitia. Kichwa tumekipanga upya leo asubuhi.

Jibu hatulingojei: M13 iko umbali wa miaka 25,000 kwa mwendo wa mwanga.

Lililotuuma ni jengine. Mwaka 1977 vyombo viwili vya anga za juu, vya Voyager, viliondoka duniani na santuri za shaba zilizopakwa dhahabu, zenye salamu za lugha 55. Tumezipitia zote. Kiarabu kimo, Kigujarati kimo, Kiganda na Kinyanja vimo. Kiswahili hakimo! Tukakaa kitako kutafuta neno ambalo tungelipeleka sisi. “Hujambo” lilishindwa, likashinda “hodi”. Mwenzetu mmoja akauliza, je, mwenye nyumba akiwa mkali? Kwa kweli hata mwanafizikia Stephen Hawking alitahadharisha tusijitangaze huko angani. Tukamjibu kwamba wa kuogopwa ni anayeingia bila ya hodi.

Wanachama tuko 31, darubini hatuna hata moja. Zohali tumeiona kitabuni tu, na kilimia tunaonyeshwa na wavuvi. Tunaomba darubini moja, ndogo haidhuru, na utuombee kwa Mwalimu Mkuu ruhusa ya kubaki uwanjani baada ya Isha, mara moja kwa mwezi.

Mwisho, tafadhali lipitie tena jamvi kabla ya saa nane. Karafuu ni za babu wa mwenzetu, na leo anazitaka mizanini.

Ahsante.