Kicheko Kilikuwa Changu

Mtanda, Lindi
Julai 2024

Mtani wangu Bosko,

Salamu sana, na salamu kwa shemeji na mtoto. Huku tu wazima. Habari za ligi sikuandikii. Nyinyi Simba wa Msimbazi mmemaliza wa tatu, na mgonjwa haongezewi homa.

Utashangaa kupokea karatasi. Tangu Mei ujumbe wangu wa WhatsApp kwako unaishia tiki moja, na mtu wa tiki moja nimeona simu haimfai tena. Zuhura anakuja Dodoma kwa dada yake, nimemwomba aibebe hii kwenye mkoba wake mwenyewe, asiitie kwenye buti la basi pamoja na korosho. Korosho ni zako, kilo mbili, zimebanguliwa. Usizimalize kabla ya kumaliza kusoma.

Nina neno nililokaa nalo miezi miwili. Nikilisema kwa haraka nitalikwepa, najijua, kwa hiyo niache nianze na usiku wenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11 Mei. Kimbunga Hidaya kilikuwa na wiki moja tangu kipite. Tulikuwa wanne ndani ya PUBG, ule mchezo wa simu wa kupigana kwa bunduki, kama kawaida yetu: wewe, mimi, Zuhura na Issa. Wewe unajua mchezo kwetu ni kisingizio. Wenzetu wakiwasha maiki wanaambizana adui yuko wapi. Sisi tunaruka kutoka kwenye ndege huku mtu anauliza kama mnyama ana roho, na anayemjibu anaokota bunduki. Humo humo ndimo tulimobishana wiki nzima kama riziki inatoka kwa Mungu au inatoka kwenye mnada wa ufuta, mpaka Zuhura akahukumu kwamba inatoka kwa Mungu, ila inapitia ghalani kwanza.

Ana kwa ana tusingethubutu. Pale barazani kwa mzee wangu, ukianza habari ya dini ya mwenzio, kahawa inapoa na watu wanakumbuka shughuli zao nyumbani. Lakini kwenye maiki huoni uso wa mtu. Nilidhani hilo ndilo jema la maiki.

Basi Issa akasimulia usiku wa Hidaya. Watu wa hali ya hewa walikuwa wametangaza tangu mapema, redio zinarudia, na sisi wa Lindi hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Bibi yangu alikuwa msichana kimbunga cha 1952 kilipoipiga Lindi, na hadi anafariki upepo ukivuma kwa sauti fulani alikuwa anaanza kukusanya vyombo. Issa akasema msikitini kwao walisoma Yasini, wakaomba dua, na alfajiri wakasikia kimefika Mafia na kupoteza nguvu. Akasema, "Kilikuwa kinakuja kwetu. Kikageuzwa."

Wewe ukaingia kama mwalimu wa fizikia, na nakiri ulieleza vizuri. Mpaka leo naikumbuka: kimbunga hula joto la bahari, kikipanda nchi kavu njaa inakiua. Ukasema tena kwamba ni mzunguko wa dunia unaokipa ule msokoto, na ukikaribia ikweta msokoto unalegea, ndiyo maana vimbunga vingi vinaishia kwa jirani zetu Msumbiji, kama Kenneth ya 2019, na kwetu vinafika kwa nadra. Zuhura akakuuliza swali, ukamjibu. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya wowote.

Kisha, kwa kuwa kule Somanga maji ya kimbunga hicho hicho yalikuwa yamekata barabara, ukasema, "Sasa Issa, Somanga hawakusoma Yasini?"

Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti, Bosko, kile kicheko changu cha kwenye mpira, na maiki iko wazi.

Sijui kama wewe ulitazama kioo wakati ule. Mimi nilitazama. Issa hakujibu neno. Duara la usalama lilikuwa linafunga, anayebaki nje anaishiwa damu, sote tunakimbia kuingia ndani, na yeye akasimama. Pale chini kushoto, kwenye ule mstari wa damu wenye jina lake, nikaona unapungua kidogo kidogo. Zuhura akamwita, "Issa, duara! Issa!" Alikuwa na dawa kwenye begi, alikuwa na gari hatua kumi kutoka pale. Mtu wake akapiga magoti, akalala, mstari ukaisha. Halafu jina likaondoka.

Nusu saa baadaye na wewe ukatoka kwenye kundi.

Sasa nikueleze kwa nini sikukutafuta siku ile ile, maana najua ulihesabu siku. Kesho yake, Jumapili ya tarehe 12, ndiyo siku zile nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima intaneti ikayumba. Kufungua picha moja ulikuwa unaweza kuchemsha chai ukarudi. Ujumbe ukikaa tiki moja, nani angemlaumu mtu? Kulikuwa na mzee mmoja sokoni akisema Mungu kachoka na makelele yetu, katunyamazisha. Mimi nilikuwa nasema, Bosko naye ni nyaya tu. Nilijifariji na waya wa baharini. Mtandao ukarudi, Zuhura akarudi, hata wale wadaiwa wangu wa kutengeneza simu wakarudi hewani, wewe ukabaki vile vile na tiki yako moja. Hapo nikajua si waya.

Kundini tukakubaliana kimya kimya kwamba kosa ni lako. Ulikuwa hupo, ilikuwa rahisi. Tukasema msomi kazidi, kamdhalilisha mwenzake kwenye dini yake. Mimi nilisema hivyo pia, zaidi ya mara moja.

Mwezi uliopita nilikwenda ufukweni kumpelekea Issa simu yake, iliingia maji ya chumvi, unajua mambo ya wavuvi. Nikamkuta anaziba mashua kwa pamba na mafuta, anashindilia kwa patasi kwenye nyufa, tik tik tik. Nikakaa. Nikamwambia usimjali Bosko, ana mdomo.

Akaendelea kushindilia mpaka ufa ule ukaisha. Akasema, "Bosko aliuliza swali ambalo mimi nilikuwa nalo tangu Jumapili." Kumbe shemeji yake, mume wa dada yake, ni utingo wa basi, na barabara ilipokatika na maji pale Somanga walikwama na abiria, watoto wadogo wamo, na simu hazipatikani. Issa alikuwa msikitini anaomba dua ile huku hajui kama shemeji yake yuko juu ya lami au chini ya maji. "Hilo swali nimemuuliza Mungu mwenyewe," akasema. "Ningemjibu Bosko. Nilikuwa natafuta maneno. Wewe ukacheka."

Ndilo neno lenyewe, mtani. Nimeliandika.

Shemeji yake alirudi salama, nisikuache hapo. Na kuna jambo jingine alilonionyesha siku ile. Watu wa hali ya hewa walipotangaza, kabla hajaenda msikitini, aliipandisha mashua mchangani na wenzake sita, akaifunga kwenye minazi miwili kwa kamba mbili mbili. Alama za kamba bado zipo kwenye magamba ya minazi, nimezishika kwa mkono. Usiku ule kwenye maiki sisi tuliigawa dunia, huku wanaoomba, kule wanaosikiliza utabiri, na mtu mmoja alikuwa pande zote mbili na hakuna aliyemuuliza. Wewe ulimuuliza habari za Somanga. Mimi sikumuuliza hata hilo.

Sasa nikupe umbea, maana nimeona nimekaza sana.

Umekosa mjadala wa kuandama kwa mwezi. Mara hii ulianza na Zuhura, ambaye nyumba yao imegawanyika: baba anangoja Mufti atangaze, kaka zake wanafuata Makka, na yeye ndiye anayepika, kwa hiyo swali la sikukuu ni lini kwake si la elimu, ni la nyama. Akasema Makka wanauona kabla yetu kwa sababu wako nyuma yetu, jua linawachwea baadaye. Sote tukaafiki. Issa akasema hapana, fungueni ramani. Tukafungua. Bosko, Lindi ni kama nyuzi 39.7 mashariki, Makka ni 39.8. Ukiweka rula hapa sokoni ukapiga mstari kwenda juu, unapita kando kidogo tu ya Kaaba. Makka hawako nyuma yetu wala mbele yetu. Issa akacheka (safari hii alicheka yeye), akasema, "Nyinyi mnaswali mmeelekea wapi kila siku?" Kaskazini. Kaskazini moja kwa moja, tangu utoto, mara tano kwa siku, na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba ule ndio mstari wenyewe.

Nikatafuta kwenye simu nyakati za magharibi za miji miwili. Juni jua linachwa kwetu saa kumi na mbili na dakika chache, kwao saa moja na dakika chache. Karibu saa nzima, lakini ni kwa sababu wao wako kaskazini na sisi kusini, na Desemba inageuka, sisi ndio tunachelewa. Kwa hiyo kuna miezi ambayo wao wanapata saa ya ziada ya kuutazama, na kuna miezi ni zamu yetu. Hapo tulihitaji mwalimu, tukabaki kuhesabu kwa vidole. Kijana wa Nachingwea, yule mlokole, siku hizi akipata bando anakaa nafasi ya nne, akauliza kama ni hivyo basi ugomvi ni wa nini. Issa akamwambia ugomvi si wa mwezi, ni wa ushahidi wa nani ukubaliwe na nani, na hilo halipo kwenye ramani. Zuhura akasema yeye atanunua nyama ya siku mbili.

Huyo kijana ana misimamo yake. Wiki iliyopita ilikuwa mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, huku huku Lindi. Yeye dunia ina miaka elfu sita, basi, amefundishwa hivyo. Mimi nikasema ile mifupa ni ya miaka kama milioni 150, na yule mnyama wao aliyesimamishwa kule Berlin ana kimo cha mita 13 na ushee, na alitoka hapa hapa kwetu, mjini palikuwa njia tu ya kupandia meli. Issa akaleta watu wa kaumu Adi, majitu ya kale, lakini nadhani alikuwa anachokoza. Nilikuwa na jibu kali la kumpa yule kijana. Lilifika kwenye meno. Nikalimeza, nikamuuliza nani kamfundisha, akasema mama yake, alikuwa anamsomea kitandani alipokuwa mgonjwa. Ningecheka ningekuwa nimemcheka mama yake.

Aliyetuzima ni Zuhura tena. Akauliza hizo tani mia mbili na zaidi za mifupa, kutoka kule porini hadi bandarini, zilibebwa na nani? Kwa vichwa, nikamwambia, kati ya 1909 na 1913, watu wakitembea siku nne, na vita vya Maji Maji havijapoa hata miaka miwili. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Mwafrika mwenzao, Boheti bin Amrani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na walilipwa rupia ngapi?" Habari ya miaka mamilioni ikafa pale pale, tukahamia kwenye bei ya kubeba gunia la ufuta leo.

Ningependa uwe ulikuwapo. Ungeniambia nimekosea kwenye jua la Desemba.

Issa anajua naandika. Hakunituma kusema chochote, ila alisema nikuulize kimbunga kikiwa kinakula joto, je, mvua inayonyesha mbele yake baharini haiipoozi ile bahari? Amelikalia swali hilo tangu Mei. Mimi sina jibu la kumpa, na si langu kulijibu.

Jumamosi, saa tatu usiku. Kijana akikosa bando, mchezo wenyewe unatuchagulia mtu wa nne. Wa juzi alikuwa mgeni kabisa, lugha yake hatukuitambua, aliimba peke yake kwenye maiki mpaka akapigwa risasi, na Issa akarudi chini ya mvua ya risasi kumwinua, akampa dawa zake zote. Tulipoteza.

Ukisoma hii, nifungulie. Tiki ya pili inanitosha. Ya bluu utaitoa ukipenda.

Mtani wako,
Seifu