Swali la pepo, na usilichanganye na la pili

Mji wa Kale, Mombasa

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, joto limezidi, umeme waenda na kurudi. Nimekawia kukujibu, niwie radhi, lakini ulichouliza si cha kujibiwa kwa mstari mmoja. Wasema kama kweli George R.R. Martin, yule mwandishi wa mfululizo wa vitabu vya A Song of Ice and Fire, atakuja kwenye hafla hiyo, kila atakayefikiwa na kipaza sauti atapewa swali moja tu, na wataka sisi wa huku tukuchagulie. Umetutia vitani! Baraza zima limegeuka bunge. Yamefika maswali thelathini na saba, na Maalim peke yake kaleta kumi na moja, yote marefu kama utenzi.

Nimeyachekecha. Mengi nimeyatupa, na nakwambia kwa nini ili ukifika pale usishawishike kuyaokota.

La kitabu cha sita kinatoka lini, liache. Litaulizwa na mwingine hata ufanyeje. Cha tano kilitoka 2011, na mwanzoni mwa 2016 mwenyewe aliandika wazi kwamba muda aliojiwekea umempita na hajamaliza. Utapata sentensi ile ile, ukumbi uvute pumzi, na zamu yako imekwenda.

Nani atakalia kiti cha enzi, hilo nalo hapana. Robert Jordan, mwandishi wa mfululizo wa The Wheel of Time, alikuwa na jibu moja kwa maswali ya namna hiyo: soma utaona. Kila mwandishi wa mfululizo mrefu analo jibu hilo mfukoni, alitamke asilitamke. Halafu Maalim, mtu mzima na kofia yake, kaandika “je, ukifa nani atamalizia?” Najua kalitoa wapi. Jordan alifariki 2007, na mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, akaumalizia mfululizo wake kwa maelezo aliyoyaacha, vikatoka vitabu vitatu, 2009, 2010 na 2013. Lakini Martin ni mzaliwa wa 1948, na hakuna mtu wa umri huo apendaye kupimiwa sanda mbele ya ukumbi.

Ya Game of Thrones, tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu hivyo, nimeyatupa yote bila kusoma mara mbili. Mdogo wake Salma naye kagundua macho ya Renly, mmoja wa wahusika, ni ya buluu mahali pamoja na kijani mahali pengine, anaona amevua papa. Martin mwenyewe ameshayacheka hayo, hata farasi wake waliwahi kubadilika wakawa majike. Kumnasa mtu kwa kosa alilokwisha kuliungama hakukupi chochote.

Lililoniuma kulitupa ni la mwaka. Waliuliza: ikiwa kiangazi cha Westeros, bara la kubuni la vitabu hivyo, chaweza kudumu miaka, huo mwaka wanauhesabu vipi? Swali zuri, ila limekwisha kujibiwa: mwaka wao ni miandamo kumi na miwili ya mwezi, haufungwi na msimu. Nasi watu wa Mombasa tusijifanye twashangaa. Ramadhani yetu hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, leo yaangukia kaskazi, baadaye kusi, na huchukua kama miaka thelathini na mitatu kuzunguka misimu yote. Hesabu ya mwezi na hesabu ya mvua ni mambo mawili.

Na hapo ndipo lilipozaliwa lile ninalotaka ulibebe. Kama mwezi hauhusiki na msimu, upepo je?

Fikiria vizuri. Huku kaskazi yavuma kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi, kusi yaingia Aprili na kuendelea mpaka Septemba. Chanzo ni bara la Asia: likipata joto lavuta hewa kutoka baharini, likipoa laisukuma irudi. Majahazi ya Uarabuni yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi, na nahodha aliyechelewa kusi ikachacha katikati ya mwaka alikaa bandarini hadi demani, kusi itulie. Yaani msimu ndio injini. Sasa mwanzoni mwa mfululizo ule kiangazi kimefika mwaka wa tisa. Kama pepo zao hufuata misimu kama zetu, basi upepo ule ule umevuma upande mmoja karibu miaka tisa! Meli zingeenda zisirudi. Bandari moja ingejaa mabaharia wenye wake wapya, na nyingine ingejaa wajane wa watu walio hai. Lakini kitabuni meli zaenda Braavos, mji wa bandari ng'ambo ya bahari, na kurudi kama matatu ya Likoni.

Wengine watakwambia wana makasia. Kweli, manuari zao nyingi hupigwa makasia, na wale wa Visiwa vya Chuma vivyo hivyo. Ndiyo maana swali liseme meli za tanga tupu. Zipo: zile za Visiwa vya Kiangazi, kama ile iliyomchukua mhusika Sam kutoka Braavos kwenda mji wa Oldtown katika kitabu cha nne. Ukiacha mwanya wa makasia atapitia hapo, na hana kosa.

Kosa la pili ni kuuliza sababu. Usimwambie “eleza chanzo cha misimu.” Amekwisha kusema kwamba chanzo kitakuwa cha kichawi, hakitakuwa cha sayansi, na kwamba kitajulikana mwishoni. Ukigusa chanzo umerudi kwenye “soma utaona.” Uliza kuhusu mtu. Mimi ningeliweka hivi, nawe uligeuze Kiingereza:

“Nahodha wa meli ya tanga tupu, asiyejua kiangazi kitadumu miaka mingapi, hujuaje wakati wa kung'oa nanga na wakati wa kungoja?”

Basi. Usiongeze kitu. Halijibiki kwa ndiyo au la, halifichui msuko, na halihitaji awe na jibu tayari. Hili la mwisho ndilo kubwa. Yeye hugawa waandishi mafungu mawili, wasanifu wanaochora nyumba nzima kabla ya msumari wa kwanza, na watunza bustani wanaopanda mbegu kisha wakaona nini kimeota. Yeye ni wa bustani. Ukimuuliza mtunza bustani kuhusu tunda ambalo halijaota, hata akitaka kukujibu hana. Muulize kuhusu udongo, au kuhusu mche alioung'oa. Ndiyo maana swali la akiba nimeliweka juu ya ile miaka mitano aliyotaka kuiruka baada ya kitabu cha tatu kisha akaacha. Kuruka kule kuliwafaa watoto, kwa kuwa walihitaji kukua. Wakubwa hakukuwafaa: ingekuwa wamekaa miaka mitano hawafanyi kitu, au kila sura ingejaa kumbukumbu za yaliyopita. Hilo la kuruka lenyewe ameshalieleza, kwa hiyo muulize ni sura gani iliyoandikwa kwa mpango ule wa kwanza ambayo aliona uchungu zaidi kuitupa.

Akiba ni lazima, kwa sababu aliye mbele yako aweza kulichukua lako. (La pepo sidhani. Hakuna mtu wa huko anayefikiria kusi.) Kulikuwa na la tatu la chakula, nafaka itakaaje miaka bila kuingia fukusi, lakini kwenye ngome ya Winterfell wana bustani za vioo zinazopata joto la chemchemi za moto, na kule kwenye Ukuta, ule mkubwa wa barafu, nyama huhifadhiwa kwenye barafu. Limejibiwa nusu, naliacha.

Sasa ya mkono. Andika kwenye kadi, usitegemee simu, itajifunga skrini wakati mkono unatetemeka. Herufi kubwa, mistari minne. Lisome kwa sauti ukijipima kwa saa. Likipita sekunde kumi na tano, punguza. Kipaza sauti kiwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, ukikisogeza karibu zaidi pumzi zitanguruma. Salamu iwe neno moja. Najua ulivyolelewa, lakini ukianza kumuuliza habari za nyumbani na za mkewe, watakunyang'anya. Usimwambie ulianza kusoma darasa la ngapi. Na usiunganishe mawili kwa “na pia”: mtu akipewa maswali mawili hujibu lile jepesi, la kwanza analisahau. Ukishamaliza kuuliza, nyamaza. Akitulia kabla ya kujibu usimjazie, wengine hufikiri polepole, nawe una tabia ya kuwamalizia watu sentensi, usibishe.

Narudi kwenye pepo kidogo. Maalim asema ungetaja Mombasa, kwamba sisi ni watu wa majahazi, ili ajue limetoka wapi. Nimekataa kwanza, sasa sina hakika. Maneno manne tu, “kutoka pwani ya Kenya,” hayali muda, na huenda yakamfanya aone bahari badala ya kuona shabiki wa mia moja. Wewe waonaje?

Na hebu niambie: tikiti umepata mkononi au bado ni ahadi? Foleni ya kipaza sauti ni ya kusimama, au watakusanya maswali kwenye karatasi kabla? Maana kama ni karatasi tunaandika upya, aone jina la meli na kitabu. Wanaruhusu kurekodi? Yule mwenzako wa chumbani anakwenda pia, na ameshasoma hadi cha tano au twajihadhari naye? Mguu wa mama umepona? Leso zilifika, na aliipenda ya jina gani?

Nakusubiri,
Shoga yako wa barazani