Barua kwa mwanangu: kabla hujavifukia viazi-alizeti

Mwanangu mpenzi,

Salamu kwako, kwa mume wako na kwa wajukuu zangu. Ujumbe wako nimeupata. Umesema jirani amekupa mfuko wa vile viazi vyenye vinundu kama tangawizi, ambavyo madukani hapo Iowa vinaandikwa sunchoke au Jerusalem artichoke, na kwamba Jumamosi unataka kuvipanda katikati ya bustani ya mboga. Mimi nitaviita viazi-alizeti, maana mmea wake ni ndugu wa damu wa alizeti. Nakuomba usivifukie bado.

Chakula ni kizuri na nataka ukile. Ila mmea huu una jambo moja lazima ulijue mapema: ukishaingia ardhini hautoki kirahisi. Kipande cha kiazi chenye jicho moja, hata kikiwa kidogo kuliko ncha ya kidole, kikibaki udongoni huota. Hata ukichimba kwa uangalifu namna gani, vipande vitabaki. Ukivipanda katikati ya sukuma yako na karoti, mwaka wa pili utakuwa unang'oa viazi-alizeti badala ya kuvuna sukuma.

Kwa hiyo chagua mahali penye mpaka. Mpaka wa bei rahisi kuliko yote ni nyasi zinazofyekwa kila wiki: chipukizi likitokeza humo linakatwa, na likikatwa mara nyingi linakufa. Ukuta wa nyumba upande mmoja na njia ya saruji upande wa pili pia vinafaa. Usivipande kwenye uzio wa jirani, kwa sababu mizizi haijui uzio. Kama huna nafasi ya namna hiyo, chukua pipa la lita 50 au zaidi lenye matundu chini, liweke juu ya saruji na si juu ya udongo, panda kiazi kimoja tu. Mavuno yatakuwa kidogo lakini utalala usingizi. Mashine ya kutifulia udongo isipite kamwe hapo, kwani hukata kiazi kimoja vipande kumi na kuvisambaza. Maganda na vinundu visivyopikwa visiende kwenye mboji.

Fikiria pia urefu. Mmea hufika mita 2 hadi 3. Hapo kwenu jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo uweke kaskazini mwa kiwanja ili kivuli chake kisiangukie nyanya. Unataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku.

Kupanda kwenyewe ni rahisi. Huu ni mmea wa Amerika Kaskazini yenyewe. Wenyeji wa bara hilo walikuwa wakiulima zamani, na Samuel de Champlain aliukuta katika bustani zao pale Cape Cod mwaka 1605. Majira ya baridi ya hapo kwenu mmea huu umeyazoea. Huna haja ya kungoja baridi iishe kabisa: mara udongo unapomeguka mkononi bila kushikana kama tope, kwa kawaida mwezi wa Aprili, panda. Kiazi cha ukubwa wa yai kinatosha kizima. Kikubwa kikate vipande vya gramu 60 hivi, kila kimoja kiwe na macho mawili au matatu. Usivianike kama tunavyofanya kwa mbegu za viazi mviringo. Ganda lake ni jembamba, hunyauka upesi, basi kata na upande siku hiyohiyo. Kina cha shimo kiwe sentimita 10, kati ya shimo na shimo sentimita 45, kati ya mstari na mstari mita moja. Familia yako itatoshwa na miche mitano, kwani mche mmoja hutoa kilo moja hadi mbili, na wakati mwingine zaidi. Viazi vinavyobaki mfukoni vipike mvile.

Mboji ndoo moja kwa mstari inatosha. Ukizidisha samadi mbichi utapata majani. Mimea ikifika sentimita 30, ivutie udongo shinani tuta la sentimita 10 hadi 15 ili isiangushwe na upepo. Mwezi wa Julai, kama mahali ni pa upepo, kata vichwa ibaki mita moja na nusu. Maua ya manjano ya mwisho wa kiangazi waachie nyuki.

Pa kutazama sana ni maji ya Agosti na Septemba. Viazi huanza kujaa siku zinapofupika, si mapema, na wengi wakati huo wameshaichoka bustani. Ikikosekana mvua, mwagilia maji ya kina cha sentimita mbili na nusu kwa wiki. Vinginevyo utachimba vigololi.

Ugonjwa wa kuogopa ni ukungu mweupe wa shina. Mche hunyauka ghafla, shina chini hupata utando mweupe, na ukilipasua unaona punje nyeusi ndani. Ng'oa mche wote pamoja na udongo unaouzunguka, utie kwenye taka, si kwenye mboji, kwa sababu punje zile hukaa udongoni miaka. Hapo usipande maharage, karoti, saladi wala alizeti nyingine, panda mahindi. Vumbi jeupe kwenye majani mwezi wa Septemba ni ukungu mwingine, usihangaike nao, mavuno yako yapo chini.

Sasa kuvuna, mama, na hapa ndipo nataka uwe na subira. Usichimbe maua yanapokauka. Ngoja sakitu, yaani umande ulioganda, iyachome majani hadi yawe meusi, kisha ngoja tena wiki mbili. Sababu ni hii: kiazi hiki hakiweki wanga kama kiazi mviringo, kinaweka inulini, ambayo ni mnyororo mrefu wa sukari usiosagika katika utumbo mwembamba. Baridi hukata sehemu ya minyororo hiyo kuwa sukari fupi. Kwa hiyo kiazi kilichopigwa na baridi ni kitamu zaidi na hakisumbui tumbo sana.

Kata mashina ubakize sentimita 20 ili ujue pa kuchimba. Ingiza jembe uma nusu mita kutoka shinani, inua taratibu. Chimba vya wiki moja tu, kwani hukauka na kusinyaa upesi vikitoka udongoni. Vinavyobaki vifunike kwa majani makavu unene wa sentimita 30 ili ardhi isigande ukashindwa kuchimba, na umalize mwezi wa Machi kabla havijachipua. Ukiona mashimo ya panya wa mashambani, chimba vyote Novemba. Viweke bila kuosha ndani ya ndoo ya mchanga wenye unyevu, mahali pa nyuzi 0 hadi 2 za Selsiasi. Kwenye friji, mfuko wenye matundu, wiki mbili hivi.

Kuhusu tumbo nitasema wazi, kwa sababu wengi huchukia chakula hiki siku ya kwanza kwa kukosa kuambiwa. Inulini isiyosagika hufika utumbo mpana, na bakteria wa huko huichachusha, ndipo gesi na msokoto. Siku ya kwanza kila mtu ale kiazi kimoja kidogo, gramu 50, kilichopikwa. Ongezeni polepole kwa wiki kadhaa. Mwenye tumbo la kusumbua siku zote asijaribu. Kuchemsha dakika 15 katika maji mengi yenye ndimu na kumwaga maji hayo hupunguza, ingawa hakumalizi. Na mwambie shangazi yako asivile kama dawa ya kisukari: vinapandisha sukari kidogo kuliko viazi mviringo, lakini vilivyokaa baridini vimeshatengeneza sukari, basi apime kama anavyopima chakula kingine.

Jikoni usimenye, sugua kwa brashi na uvunje vinundu ili mchanga utoke. Vikikatwa hubadilika rangi, kwa hiyo vitumbukize kwenye maji ya ndimu. Vibichi, vipande vyembamba ndani ya kachumbari, vinalia mdomoni na vina utamu. Vya kuoka, mafuta na chumvi, oveni nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 35. Kwenye mchuzi wa nazi vitie mwishoni, na baada ya dakika 10 chomeka kisu: kwa kuwa havina wanga wa kuvishikilia, vinatoka ugumu hadi uji katika muda mfupi sana. Vya kuponda changanya nusu kwa nusu na viazi mviringo.

Napenda zaidi achari yake. Kata kilo moja vipande vyembamba, weka kwenye chupa pana pamoja na manjano, tangawizi na kitunguu saumu. Yeyusha gramu 30 za chumvi kwa kila lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina mpaka vifunikwe, kandamiza visielee. Acha jikoni wiki moja hadi mbili, kila siku ufungue kidogo gesi itoke, kisha friji. Uchachu huo pia hula sehemu ya inulini. Ikiota ukungu wa rangi, tupa yote.

Na ikiwa siku moja utataka kuvitoa kabisa, fanya Juni. Acha chipukizi zifike sentimita 40, ung'oe. Wakati huo kiazi mama kimekwisha nguvu na vipya havijajaa. Rudia miaka miwili.

Nipimie ile sehemu iliyo kati ya ukuta wa gereji na njia, unitumie urefu na upana kabla ya Jumamosi.

Mama yako