Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa makorongo na maji ya mlimani

Assalamu alaykum ndugu wanachama, wa Unguja na wenzetu wa Pemba, wazee wetu, akina mama, vijana, nyote nakusalimuni.

Mwaka umekwisha na katiba ya klabu yetu ya kupita makorongo kwa miguu na kwa kamba inataka mwenyekiti aseme kilichofanyika, basi mimi palipo na jambo nitakaa na palipo wepesi nitapita. Hesabu anazo mhazini, kila mmoja atapata karatasi yake na risiti zipo zote, anotaka kuziangalia aende akaziangalie.

Kubwa la mwaka huu ni kuwa tulirudi nyuma njiani kwenye korongo la mto Engare Sero. Najua wapo waliochukia, maneno ya barazani yamenifikia, kuwa tumelipa boti, tumelipa basi mpaka Arusha, tumekodi gari kutoka Mto wa Mbu kwenda kule Ziwa Natron kwa barabara ya vumbi na mawe, halafu tunafika korongoni tunageuzwa hata maporomoko yenyewe hatujayaona. Mimi nasema mbele yenu nyote, yule muongozaji wetu, kijana wa Kimaasai aliyetutoa majini, ndiye aliyetufanyia kazi kubwa kuliko mtu yeyote mwaka huu, na nataka kila mwanachama aelewe kwa nini, hata ambaye hakuwepo.

Korongo lile njia yake ndio mto wenyewe. Unaingia kwa miguu, mara uko huku mara umevuka ng'ambo, maji ya magoti pengine yanafika mapaja, na kuta za mwamba zimekubana pande zote mbili. Ilikuwa Disemba kwa sababu ya likizo za skuli, jua linawaka, wingu hata moja hatulioni. Muongozaji akasimama, akachota maji kwa kiganja akayatazama. Muda mfupi nyuma yalikuwa safi unaona mpaka changarawe za chini, sasa yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, na vijiti na majani makavu yanapita juu yake. Hakupiga kelele wala nini, alisema tu tokeni, pandeni hapa, akatuonesha pa kushika na pa kukanyaga. Tumekaa juu ya jabali tunatazama, yale mawe tuliyokuwa tukivukia yakazama moja baada ya jengine mpaka hakuna jiwe linaloonekana, na sauti ya mto ikabadilika ikawa nzito. Mvua ilinyesha huko juu milimani, sisi pale chini hatukupata hata tone.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Sisi watu wa visiwani tunasema maji tunayajua, na kweli tunayajua, lakini ni maji ya bahari. Bahari ina saa zake, ukitazama mwezi unajua bamvua lini na maji mafu lini, mvuvi wa Nungwi au wa Wete hahitaji kuuliza maji yatakupwa saa ngapi. Mto wa mlimani hauna hesabu hiyo. Mvua inapiga mbali usikokuona, ardhi kama ni mwamba au imekauka imekuwa ngumu hainywi maji, yote yanateremkia bondeni, bonde linamwaga korongoni, na korongo ni jembamba kwa hiyo maji hayana pa kutanuka, yanapanda juu tu na yanakuja kwa kasi, yamebeba magogo na mawe. Kuogelea vizuri hakukusaidii kitu hapo.

Na hili si la kusadikika tu. Kenya, karibu na Naivasha, lipo korongo la Ol Njorowa ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, wageni wengi wanakwenda na ni pazuri mno. Mwaka 2012 vijana 7 wa kikundi cha kanisa walisombwa na mafuriko mle ndani wakafa, na Septemba 2019 wakafa watu 7 wengine. Korongo lile lile, na mafuriko ya ghafla vile vile. Mungu awape subira wazazi wao.

Kwa hiyo kamati imekaa na imepitisha, na mimi nasimamia: neno la muongozaji wa pale ndio la mwisho, awe kijana awe mzee, hakuna wa kumbishia hata mwenyekiti. Safari za makorongo zitakuwa kiangazi tu, kuanzia Juni mpaka Oktoba kabla vuli haijachanganya, na wenye watoto wa skuli tutatafuta namna. Na kabla hatujatia mguu majini tunapiga simu kwa watu wanaokaa juu huko mto unakotoka, tuulize mvua ya jana na ya leo. Mukiwa ndani, kila kipande mnachopita ujue pa kutokea ni wapi, si ukaanze kutafuta maji yameshakuja.

Safari ile haikupotea lakini. Kesho yake tulikwenda kuona zile nyayo za watu wa kale, ziko zaidi ya 400 kwenye majivu ya volkano yaliyoganda yakawa jiwe, wataalamu wanasema umri wake ni baina ya miaka 5,000 na 19,000. Unaona kabisa vidole, kisigino, huyu alikuwa anakwenda taratibu na yule anakimbia. Mlima wenyewe Ol Doinyo Lengai umesimama hapo mbele yako. Mama mmoja katika sisi alichutama pale muda mrefu hataki kuondoka, na mimi nilimwelewa.

Safari ya milima ya Udzungwa ilikwenda vizuri, sina mengi. Boti mpaka Dar, treni ya SGR mpaka Morogoro, halafu basi kupitia Mikumi na Kidatu mpaka Mang'ula. Hifadhi ile gari haingii ndani, ni miguu tu, na maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170, ukifika juu unaliona bonde la Kilombero lote na mashamba ya miwa. Kamba hatukufungua, tumefuata njia ya wageni na askari wa hifadhi.

Nakuja kwenye vifaa, na hapa naomba sana munisikilize. Karabina zetu za alumini, zile pete za kufungia kamba, zinaliwa na hewa ya chumvi. Chukueni moja mtazame pale kilango kinapofungukia, utakuta unga mweupe, na kilango kinakwama nusu hakirudi chenyewe. Karabina ya namna hiyo haibebi roho ya mtu, tumeziweka pembeni. Zilobaki zioshwe kwa maji matamu kila baada ya mazoezi, zikaushwe, kilango kitiwe mafuta kidogo. Kamba nazo zianikwe kivulini, kuna mtu kazianika juu ya bati mchana kutwa, jua linaua nailoni na kwa macho huoni kitu. Na tukifanya mazoezi kwenye majabali yetu ya matumbawe lazma gunia liwekwe pale kamba inaposugua, maana jiwe letu lina meno, linachana ganda la kamba mara moja.

Kilichonifurahisha zaidi ni darasa la kuogelea la akina mama na dada zetu. Wengi wamezaliwa hatua chache kutoka baharini na hawajawahi kufundishwa, sasa wamepata mwalimu mwanamke, sehemu ya sitara, nguo za heshima, na wanajifunza mpaka kuelea chali miguu mbele, ndivyo mtu anavyotakiwa akae mto ukimchukua, ili jiwe likutane na miguu na si kichwa. Darasa hili tutalisapoti kwa bajeti yoyote tutakayopata. Ramadhani tunasimamisha, baada ya Idi linaendelea.

Mwakani kamati inapendekeza milima ya Uluguru. Ni karibu, treni inatufikisha Morogoro, nauli haiumizi, na mito yake kwa sisi wanaojifunza inatosha. Ila ni msitu wa hifadhi, kibali kiombwe mapema, na hakuna sabuni mtoni wala taka, maji yale yanaingia Ruvu na watu wa Dar wanayanywa. Kuna wanaotaka Kalambo kule mpakani na Zambia. Maporomoko yale yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, kwa kwenda kutazama sina neno tukipata pesa, kwa kamba hapana, hatujafika huko. Tutapiga kura.

Ada ya mwaka mpya inaanza kupokelewa, wenye madeni wamuone mhazini. Wa Pemba safari hii mkutano mkuu tunauleta Chake, hamtalala Unguja. Na waliobaki na helmeti majumbani wazirejeshe kwa mtunza vifaa kabla ya mkutano, anazikagua zote kama zina ufa.