Gadenia ya bonsai haitaki majivu wala maganda ya mayai

Mhariri,

Ushauri wa kuwekea majivu na maganda ya mayai kila ua la nyumbani umeenea mno. Mimea mingi huvumilia. Gadenia, ule mti mdogo wa maua meupe yanayonukia, haivumilii, na ikiwa ni bonsai (mti unaofugwa ubaki mdogo chunguni) ya miaka 30 au 40 ndani ya chungu kisichozidi kina cha kiganja, kosa hilo huigharimu matawi ambayo hayarudi tena. Naomba nafasi nieleze, maana majivu na maganda hayo huleta chokaa, na huku pwani adui wa kwanza wa mti huu ni chokaa; wadudu wanafuata nyuma.

Gadenia inayofugwa kwa bonsai asili yake ni China, Japani na nchi jirani, kwenye udongo wenye asidi. Mizizi yake hula vizuri pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa kati ya 5 na 6. Ikikaribia 7, madini ya chuma hubaki palepale kwenye udongo lakini mizizi haiwezi kuyafyonza. Dalili huanzia kwenye majani machanga ya nchani: yanageuka njano, mishipa inabaki kijani. Mwenye mti hudhani ni njaa, anakimbilia dukani, anauziwa CAN, mbolea ambayo yenyewe ina chokaa. Wiki chache baadaye njano imezidi.

Njano ya majani ya zamani, yale ya chini, ni jambo jingine. Machache mti huyapukutisha kwa kawaida yake. Yakiwa mengi kwa pamoja, naitrojeni imepungua. Na mti mzima ukipauka huku udongo haukauki, chungulia mizizi. Ya kahawia inayobonyea imeoza, na hapo mbolea yoyote ni kuiongezea mzigo.

Chokaa huingia kwa maji kwanza. Tazama ndani ya birika la chai: likiwa na ukoko mweupe, maji hayo si ya gadenia. Ya mvua ndiyo bora. Ukiyakosa, kinga ndoo chini ya kiyoyozi, maji yake hayana chokaa. Siki, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, husaidia kwa muda mfupi tu.

Njia ya pili ni udongo. Mchanga wa pwani una vipande vya kombe na matumbawe. Udondoshee siki, ukitoa povu uache. Tofali la kuchoma lililopondwa linafaa, la saruji halifai. Makumbi ya nazi ni mazuri, ila yaliyozikwa ufukweni kwa ajili ya usumba yamejaa chumvi: yaloweke kwenye maji ya mvua na kuyabadilisha mara 3. Mchanganyiko mzuri ni sehemu 2 za kokoto nyepesi za volkano (jiwe la kusugulia miguu ni jamii hiyo), 1 ya tofali na 1 ya makumbi. Chekecha zibaki chembe za milimita 3 hadi 6. Vumbi lote limwagwe, kwa kuwa ndilo huziba hewa.

Mti mzee hubadilishiwa udongo kila baada ya miaka 3 hivi, masika yanapoanza. Usikate zaidi ya robo ya mizizi, na usiguse matawi msimu huohuo. Acha udongo kiasi wa zamani chini ya shina. Ufunge mti kwenye chungu kwa waya unaopita matundu ya chini, kwani ukiyumba ncha mpya za mizizi hukatika. Kisha kivulini wiki 3 au 4, bila mbolea.

Ukishachipua, tumia SA, yaani mbolea ya salfeti ya amonia: kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa lita 10 za maji, kila baada ya wiki 2, juu ya udongo uliokwisha kunyweshwa. Njano ya chuma hutibiwa kwa chuma kilichofungwa na kemikali iitwayo EDDHA, ambacho hufanya kazi hata penye chokaa. Misumari yenye kutu haisaidii kitu, kutu haiyeyuki.

Matumba kudondoka kabla ya kuchanua kuna sababu chache tu: udongo kukauka hata mara moja, chungu kuhamishwahamishwa, upepo wa kiyoyozi, au usiku wenye joto kali. Gadenia si ya sebuleni. Iweke baraza ya mashariki ipate jua la asubuhi kwa muda wa saa 4 au 5. Ndani iingie siku 2 ikiwa na ua, basi. Chomeka kijiti cha mshikaki sentimita 3: kikitoka kikavu, mwagia mpaka maji yatoke chini.

Pogoa mara tu maua yanapoisha, kwa sababu matumba hutokea nchani na ukichelewa utakata ya msimu ujao. Kila tawi libaki na jozi mbili za majani. Tawi la zamani likiachwa uchi huweza kukauka hadi shinani.

Sisimizi wakipanda shina, geuza majani utafute vidung'ata na wadudu gamba. Masizi meusi juu ya majani huota kwenye utamu wanaoutoa. Nyunyizia sabuni ya maji, kijiko cha chai kwa lita moja, kila baada ya siku 7 mara 3, jioni jua likishatua. Epuka maua: tone la sabuni huacha doa la kahawia kwenye petali nyeupe.

Msomaji wako,
Dar es Salaam