Risala ya Kamati ya Ulezi wa Vijana kwa Mgeni Rasmi: Tunaomba Mratibu

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Wazazi na walezi wetu wa kujitolea,
Wanafunzi na vijana wetu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana:

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha tena. Pili, tunakushukuru wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Tunajua ratiba yako imebana. Kufika kwako, tena kwa wakati, kumetutia moyo sana. Karibu.

Ndugu Mgeni Rasmi, programu hii ya ulezi wa vijana ilianzishwa na walimu na wazazi wachache walioona kwamba wapo wanafunzi ambao tangu waamke hadi walale hakuna mtu mzima anayewauliza jambo lolote zaidi ya alama za mtihani. Wazo lenyewe lina umri mkubwa. Mwaka 1904 karani wa mahakama ya watoto huko New York, Ernest Coulter, alichoka kuwaona wavulana wakifikishwa mahakamani, akawaomba watu wazima wajitolee, kila mmoja asimame na kijana mmoja. Kutokana na juhudi za namna hiyo likakua shirika linaloitwa leo Big Brothers Big Sisters. Nasi tulianza hivyohivyo: mlezi mmoja, kijana mmoja, kuonana kila wiki, kwa muda usiopungua mwaka. Baadaye tukatoka nje ya uzio wa shule, tukawafikia na vijana walioacha masomo.

Mafanikio yetu ni makubwa, na tunajivunia kuyataja mbele yako. Walimu wa zamu ni mashahidi kwamba utoro umepungua miongoni mwa vijana wenye walezi. Nidhamu imepanda. Vijana waliokuwa hawanyooshi mkono darasani leo wanaongoza midahalo, na ratiba unayoifuata hapa imeandaliwa na msichana ambaye alipojiunga nasi hakuweza kutaja jina lake mbele za watu bila sauti kukatika. Baadhi ya waliolelewa wamerudi wakiwa walezi. Shule jirani zimekuja kujifunza kwetu, na jina la programu sasa linatajwa hata mahali ambapo sisi wenyewe hatujafika. Tuna kabati la vitabu, tuna chumba chenye madirisha mapana ambamo kila anayepita anaona mlezi na kijana wamekaa wanazungumza, na tuna watu wazima wanaotoa muda wao bila kudai chochote.

Ndugu Mgeni Rasmi, kamati ilipokaa kuandika risala hii, mahitaji yaliyotajwa yalikuwa mengi: viti, vitabu, usafiri wa walezi wanaotoka mbali. Tumeyaweka yote pembeni. Tumekubaliana kukuletea ombi moja tu, ili lisipotee katikati ya mengine. Tunaomba mratibu wa kudumu, anayelipwa, ambaye kazi yake iwe hii na si nyingine.

Tunaomba utuvumilie tueleze sababu.

Mwaka 1995 ulichapishwa Marekani utafiti uliofuatilia vijana 959 wa umri wa miaka 10 hadi 16, katika maeneo 8. Nusu yao walipewa walezi, nusu wakabaki kwenye orodha ya kusubiri. Baada ya miezi 18, waliopewa walezi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya, na kwa asilimia 27 wa kuanza kunywa pombe. Siku walizotoroka shule zilikuwa karibu nusu ya zile za wenzao. Takwimu hizo husomwa kwenye mikutano mingi, na watu hupiga makofi. Kinachosahaulika ni kwamba watafiti walieleza pia matokeo hayo yalitoka wapi: walezi walichujwa kabla ya kupokelewa, wakafundishwa, wakaunganishwa na kijana kwa kuangalia wanachopenda wote wawili, na kila jozi ilikuwa na mtumishi wa kuifuatilia. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walizirudia takwimu hizohizo wakaangalia muda ambao kila jozi ilidumu. Waliodumu mwaka mmoja na zaidi ndio waliofaidika kuliko wote. Lakini vijana ambao jozi zao zilivunjika ndani ya miezi mitatu walishuka: walijiona hawana thamani kuliko walivyojiona kabla ya kupewa mlezi. Ndugu Mgeni Rasmi, tunakuomba uliangalie hilo kwa uzito wake. Ulezi ukianzishwa ukaachwa njiani, kijana harudi pale alipokuwa. Anarudi chini zaidi.

Sisi tumeliona kwa macho yetu. Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akija kila Alhamisi baada ya vipindi, anakaa kwenye benchi lililo chini ya ubao wa matangazo, daftari la hisabati mapajani, ukurasa wenye swali lililomshinda umekunjwa pembe. Mlezi wake alikuwa amehamishwa kikazi. Hakuna aliyejua, kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kujua. Kijana aliendelea kuja, wiki baada ya wiki, anasubiri mpaka mlinzi anafunga geti. Mwalimu alipogundua, akamtafutia mlezi mwingine, mzuri tu. Kijana alisema asante, hapana. Yupo shuleni bado, lakini benchi lile halikalii tena, na kwetu hajarudi.

Hiyo ndiyo kazi ya mratibu. Miongozo ya programu za ulezi inayotumika Marekani inaelekeza kwamba katika mwezi wa kwanza mlezi na kijana wawasiliwe angalau mara mbili, kisha kila mwezi. Mlezi apate angalau saa mbili za mafunzo kabla ya kuonana na kijana. Na ikibidi jozi ivunjike, waagane rasmi, kijana aelezwe sababu ili asije akadhani ameachwa kwa kosa lake. Ni mambo madogo, lakini hayajifanyi yenyewe.

Kwa sasa yote hayo yamemwangukia mwalimu wetu wa ushauri nasaha, ambaye ana vipindi kamili kama wenzake. Anapiga simu za walezi usiku, kwa fedha yake, watoto wake wakiwa wamelala. Katika daftari la jozi ipo safu ya "tarehe ya kuonana mara ya mwisho". Mwanzo wa mwaka safu hiyo hujaa. Ikifika katikati ya mwaka, msimu wa mitihani, visanduku vinabaki vitupu, na hatumlaumu hata kidogo.

Lipo pia suala la usalama, na hapa tunasema waziwazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 19, unataka mtoto alindwe dhidi ya kila aina ya ukatili na unyanyasaji. Mtu akisema anapenda watoto haitoshi. Anayetaka kukaa na kijana lazima ahojiwe, wadhamini wake wapigiwe, historia yake ichunguzwe. Fomu za walezi wapya zipo ofisini, zimerundikana, kwa kuwa tumekataa kumpokea yeyote ambaye hatujapata muda wa kumchunguza. Matokeo yake ni kwamba wapo watu wema wanaosubiri kujitolea, na wapo vijana wanaosubiri mlezi, na katikati hakuna mtu wa kuwakutanisha. Bora wasubiri kuliko tuwahatarishe. Lakini wamesubiri vya kutosha.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, ombi hili si jipya. Limesomwa mahali hapahapa, mbele ya mgeni rasmi aliyekutangulia, naye alisimama akasema, "Hilo lihesabuni kuwa limekwisha." Tulishangilia. Wapo wazazi waliotoa machozi. Tuliandika barua ya kumshukuru, kisha barua ya kumkumbusha, kisha nyingine. Tulijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Mgeni aliyemtangulia yeye alituletea fulana zenye nembo ya programu, na tulizipokea kwa moyo mkunjufu, vijana wanazivaa hadi leo. Ila tuliomba mtu.

Hatusemi haya kumvunjia yeyote heshima. Tunayasema kwa sababu vijana hawa walikuwepo ukumbini siku hizo, walisikia, na wanakumbuka. Sisi tunaowafundisha kwamba mtu mzima akisema nitakuja Alhamisi anakuja Alhamisi, tunapata shida kuwaeleza jambo hili.

Tunachoomba kinapimika. Mshahara wa mratibu mmoja kwa miaka mitatu, simu ya ofisi, na kabati lenye kufuli la kutunzia majalada ya vijana. Shule imekubali kutoa chumba. Wazazi wamekubali kuchangia mafunzo ya walezi. Kamati imekwisha kuandika majukumu ya mratibu ukurasa kwa ukurasa, na nakala iko mezani kwako, chini ya ratiba. Baada ya miaka mitatu Bodi imejifunga kwa maandishi kubeba mshahara huo.

Kama ofisi yako inaweza sehemu tu ya hayo, tuambie sehemu gani, tutatafuta iliyobaki kwingine. Kama haiwezi, tunakuomba kwa unyenyekevu utuambie leo hapahapa, tutakushukuru vilevile, na hatutapoteza mwaka mwingine tukiandika barua. Na kama inaweza, basi tunaomba utamke mbele ya vijana hawa tarehe ya kuanza na jina la mtu ofisini kwako tutakayefuatana naye. Katibu wetu amekaa mstari wa mbele, kalamu mkononi, tayari kuandika.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Ulezi wa Vijana